Vituo vya Bi Verna

Mwezi uliopita nilipokea ujumbe wa sauti kutoka kwa mwanamke nisiyemjua. Nilikuwa kazini Wattaya, hapa Maskati, kikao hakijesha, nikauacha mpaka adhuhuri, kisha nikausikiliza ndani ya gari huku kiyoyozi kikivuma. Alizungumza Kiingereza kinachopanda na kushuka, kama mtu anayeimba bila kukusudia. Alisema yeye ni mtoto wa kaka yake Bi Verna, jirani yetu wa utotoni mwangu, kwamba shangazi yake amefariki usingizini nyumbani kwao Jamaika, na kwamba marehemu aliagiza habari ifike Maskati kwa Raya, ndiye mimi.

Jioni nilichemsha choya, ile ambayo Waarabu wanaiita karkade. Nilitia tangawizi nyingi iliyopondwa na karafuu chache, nikaacha sufuria ichemke mpaka mvuke mwekundu ukajaa jikoni. Binti yangu akaja akauliza kuna nini. Nikamwambia hakuna kitu, nanusa tu. Ile ndiyo ilikuwa harufu ya nyumba ya Bi Verna, na nilipoivuta nilijiona niko tena kwenye ngazi za jengo letu la zamani la Darsait, mtoto mwembamba mwenye vifundo vya miguu vyenye vumbi, nimekaa mlangoni kwake nikingoja afungue.

Nilikuwa na kigugumizi. Sikusema vibaya kidogo, hapana. Nilikuwa nikikwama kabisa, mdomo umefumba, shingo imekaza, macho yananitoka, na watu wakitazama pembeni kwa huruma. Herufi zilizonitesa zaidi zilikuwa zile zinazofunga midomo, na katika hizo, mbaya kuliko zote ilikuwa b. Kwa hivyo katika maneno yote ya dunia, neno lililonishinda lilikuwa Baba.

Baba yangu alifanya kazi kwenye visima vya mafuta huko kusini, jangwani, mbali kupita Haima. Alikuwa akikaa huko wiki nyingi, akija nyumbani siku chache, akirudi. Kila Alhamisi jioni alipiga simu. Mama alizungumza naye, Bibi alizungumza naye, kisha mkono wa simu ukaletwa sikioni mwangu nami nikasikia sauti yake ikisema, "Raya? Raya mwanangu, hujambo?" Nikafungua mdomo. Hakuna kilichotoka. Baada ya kungoja kidogo, Mama alikuwa akiichukua simu na kusema kwa niaba yangu, "Hajambo, anakusalimu." Kila mtu nyumbani alisema kwa niaba yangu. Walikuwa wakinimalizia maneno kwa mapenzi, kama unavyomkatia mtoto nyama.

Siku moja nilimsikia Mama akimwambia Bibi kwa sauti ya chini, "Ati baba yake anauliza, mtoto ana nini na yeye. Anasema labda amemsahau."

Bibi akajibu, "Mwambie mtoto hana kitu. Ulimi tu mzito." Lakini nilimwona akikunja upande wa leso yake na kuukunjua.

Bi Verna alihamia ghorofa ya juu yetu wakati wa joto kali. Tuliona vitu vyake vikipandishwa: masanduku ya vitabu, kiti cha kubembea, na cherehani kubwa ya miguu iliyowapa tabu wapakizi wale Wabaluchi. Nyuma yake alipanda mwanamke mrefu, mweusi, kichwa chote mvi zilizokatwa chini, miwani ikining'inia kifuani. Alikuwa amekuja kufundisha hesabu katika skuli moja ya Kiingereza. Bibi alikuwa mlangoni kwetu akichungulia, nami nyuma ya gauni lake. Yule mwanamke alisimama, akainamisha kichwa, akasema, "Shikamoo, mama. Poleni na joto."

Bibi alishtuka mpaka akasahau kuitikia. "Marahaba," akasema mwishowe. "Kiswahili umekipata wapi wewe?"

"Morogoro. Nilifundisha sekondari pale miaka mingi. Kwetu hasa ni Jamaika."

"Kiswahili cha Bara," Bibi aliniambia tulipofunga mlango, kwa sauti ya mtu aliyeonja mchuzi na kukuta umepungua ndimu. Hata hivyo kesho yake alinituma nipeleke sahani ya mkate wa kumimina, na kesho kutwa yake Bi Verna akashuka kurudisha sahani, ndani yake kuna keki nyeusi ya tangawizi, maana alisema kwao sahani ya jirani hairudi tupu. Bibi akasema na kwetu vilevile. Basi wakakaa.

Sijui nani kati yao alianza habari ya treni. Nadhani ni Bibi, aliyekuwa akiuliza kama kisiwa cha Jamaika ni kikubwa kuliko Unguja, kwao alikozaliwa. Bi Verna akasema ni kikubwa zaidi, kina milima, na kina reli.

"Hata sisi tulikuwa na reli," Bibi akasema upesi.

Bi Verna akaweka kikombe chini. "Zanzibari? Treni?"

"Gari la moshi, nnakwambia. Likitoka mjini likenda mpaka Bububu. Mimi sikuliwahi, lakini mama yangu kalipanda akiwa mwari. Anasema likitema cheche, buibui likitoboka matundu matundu, na watu wakilipanda hivyo hivyo."

Bi Verna alicheka kwa kupiga paja. Kisha akasema jambo ambalo nililielewa miaka mingi baadaye: kwamba watu wa visiwa vidogo waliowahi kuwa na treni ni wachache, na wakikutana inafaa wajuane. Kuanzia hapo alikuwa akimwita Bibi dada, na Bibi hakukiona tena kile Kiswahili cha Bara.

Mimi nilianza kupanda kwake alasiri baada ya skuli. Hakunilazimisha kuzungumza. Alinipa kazi ya kumshikia kitambaa wakati akishona, naye akihadithia, mguu wake ukikanyaga cherehani. Baba yake, alisema, alikuwa dereva wa treni. Alianza kama mchochea moto, akitupa makaa tumboni mwa injini tangu kijana, mpaka akapewa injini yake mwenyewe, na baadaye zile za dizeli. Mama yake alikuwa mshonaji katika kijiji cha milimani kiitwacho Catadupa. Treni ya watalii ilikuwa ikisimama pale asubuhi, wazungu wanateremka, wanachagua kitambaa, mafundi wanawapima mabega na viuno hapo hapo stesheni, treni inaendelea na safari. Jioni ikirudi, mashati na magauni yako tayari, yamepigwa pasi, yananing'inia yakingoja wenyewe.

"Mama yangu alikuwa anashona akiwa anasikiliza," akaniambia. "Hakuwa na saa. Treni ikilia kule bondeni, anajua bado mikono miwili na kola."

Alisema reli yao ni ya zamani sana, miongoni mwa za kwanza kabisa nje ya Ulaya na Marekani. Walioanza kuitandika walikuwa watu ambao wao wenyewe, au mama zao, walikuwa watumwa miaka michache tu nyuma. Ilianzia Kingston, ikaenda mwendo mfupi tambarare, ikasita kwa miaka, ikasogea tena, ikafika chini ya milima. Baadaye ikaja kampuni ya Wamarekani waliotaka ndizi, ikachimba mahandaki na kupanda milima mpaka ikatokea pwani ya upande wa pili. Ndizi zikapita juu yake, na machungwa, na miwa, na baadaye udongo mwekundu wa kutengenezea alumini, lile bati jepesi. Lakini alipozungumzia watu, cherehani ilikuwa ikipunguza mwendo: akina mama wa sokoni na makapu yao ya viazi, watoto wa skuli wenye soksi nyeupe, wapenzi, wafiwa. "Waliijenga kwa ajili ya ndizi," akasema. "Sisi tukaipanda."

Sijapata kusikia mtu akiisimulia nchi yake hivyo. Hakuisifu. Aliitaja tu kituo kwa kituo, na mimi niliona fahari ikipita usoni mwake kama mwanga unavyopita kwenye madirisha.

Na vituo vile alikuwa navyo kichwani vyote. Siku moja, akifuata mdundo wa mguu wake, akaanza kuvitaja: "Porus, Williamsfield, Kendal, Greenvale, Balaclava, Appleton, Maggotty, Ipswich, Catadupa, Cambridge, Montpelier, Anchovy, Montego Bay." Cherehani ikipiga taka-taka-taka chini ya majina. Akarudia. Mara ya tatu nilijikuta natikisa kichwa. Siku iliyofuata nilikuwa natembeza midomo. Na siku moja, bila ya kufikiri, sauti yangu ikatoka pamoja na yake, ikapita Porus, ikapita Kendal, ikaifikia Balaclava na kuivuka kama haikuwa na b ndani yake.

Bi Verna hakusimama wala hakunitazama. Aliendelea kukanyaga, tukafika mpaka mwisho. Ndipo akasema, "Anchovy ni samaki mdogo. Dagaa. Kwetu kuna stesheni inaitwa Dagaa." Nilicheka mpaka nikashika mbavu, na nadhani alisema vile makusudi, ili nisipate nafasi ya kuogopa nilichokifanya.

Basi ikawa ndiyo kazi yetu. Alinifundisha kupiga vidole pajani, kulifuata neno badala ya kulivamia. Alikuwa akisema, "Usisukume. Treni haisukumwi na abiria." Nilijua kwamba ndani ya vituo nilikuwa huru, na nje ya vituo nilikuwa bado nimefungwa, lakini kufunguliwa hata kwa kiasi kile kulinifanya nilale nikitabasamu.

Kisha nikamwuliza swali. Nililitoa kipande kipande, naye akangoja. Nilitaka kujua kama baba yake bado anaendesha treni.

Akakata uzi kwa meno. "Hapana. Siku moja treni ya abiria ilisimama, haikwenda tena."

"Na b-baba yako?"

"Baba?" Akatazama dirishani, kwenye mapaa ya gereji. "Alibaki huko huko."

Nilishuka ngazi nikiwa nimebeba picha nzima: treni imesimama ndani ya handaki la mlimani, giza, na mzee amekaa mbele, mkono uko kwenye usukani, hajateremka. Nyuma yake akina mama na makapu yao, watoto wa soksi nyeupe, wote wamekaa kimya wakingoja. Hakuna aliyewaambia kwamba treni haitakwenda tena. Nilipokula chakula cha jioni niliwaza nani anawapelekea maji.

Sikumwambia mtu. Pengine ingeishia hapo, ningekua na kujicheka. Lakini haikupita muda, tukiwa katika wiki aliyotarajiwa kurudi Baba, simu ililia asubuhi, siku ambayo haikuwa Alhamisi. Mama aliipokea, akasikiliza, akasema sawa, akaiweka. Akamgeukia Bibi.

"Mtambo umesimama," akasema. "Kuna kitu kimekatika. Harudi wiki hii, atabaki huko huko."

Nilikuwa mezani na kikombe cha maziwa. Maneno yalikuwa yale yale, moja baada ya jingine. Sikulia. Nilikwenda kukaa chooni, nikafunga mlango, nikapiga vidole pajani mpaka vikauma. Nilijua jambo ambalo watu wazima wa nyumba ile hawakulijua. Wao walidhani kubaki huko huko ni kwa wiki moja.

Alhamisi simu ilipolia niliifikia kabla ya Mama. Nakumbuka uzito wa ule mkono wa simu, harufu ya udi iliyokuwa imeushika, na Mama akija kutoka jikoni huku akijifuta mikono, kisha akasimama.

"Haloo?" sauti ya Baba ikasema, nyuma yake upepo. "Nani? Raya?"

Nikafumba macho, nikaanza kupiga pajani, nikaipandisha treni mlima, Porus, Williamsfield, Kendal, Greenvale, na pale ilipofika kwenye Balaclava nikaigeuza njia.

"Ba-ba," nikasema. "Te-remka. Uje nyumbani."

Bibi alikuwa ameshika mlango. Nikasikia Baba akivuta pumzi.

"Niteremke wapi, mwanangu?"

"Kwenye m-mtambo. Umesimama. Ha-hauendi tena. Usingoje ndani, Baba. Teremka uje."

Nilisema na mengine, kwa kukwamakwama, nikimweleza habari za handaki na mzee na maji. Sidhani kama alielewa. Mama aliponyoosha mkono kuichukua simu, akisema, "Nipe mimi," niliisikia sauti ya Baba ikimwambia kutoka mle ndani, "Mwache. Mwache aseme." Mkono wa Mama ukarudi chini. Alikuwa akilia bila sauti, na Bibi akisema Alhamdulillahi, Alhamdulillahi, taratibu, kama mtu anayehesabu tasbihi.

Baba alifika baada ya siku mbili. Alimwomba mwenzake ambadilishie zamu, akapanda lori la maji mpaka Nizwa, na kutoka Nizwa alipata gari la mtu anayekuja Mutrah. Alikuwa na vumbi mpaka kwenye nyusi. Hakuoga wala hakula. Alichuchumaa mbele yangu akasema, "Nimeteremka. Sasa nieleze huyo mzee ni nani."

Nikamshika mkono tukapanda juu, Bibi nyuma yetu, akipumzika kila baada ya vidato vichache. Bi Verna alifungua mlango, akasikiliza kisa kutoka kwa Baba, na nilipomtazama usoni nikadhani nimemkosea, kwa jinsi alivyokaa kwenye kile kiti chake bila kukibembeza.

"Hayumo ndani ya treni, Raya," akasema baadaye. "Watu wote waliteremka. Walisimamisha treni za abiria kwa sababu hazikuwa zinaleta faida, reli imechakaa. Baba yangu yuko nyumbani kwake, karibu na stesheni, mzima. Ni mimi tu ninayesema alibaki, kwa sababu mimi niliondoka."

Bibi akauliza kwa upole, "Na wewe, dada, umemwona lini?"

Ndipo akatueleza, akizungumza zaidi na Bibi kuliko sisi. Mama yake alifariki wakati yeye yuko Morogoro, na kabla hajapata njia ya kufika, walikuwa wameshazika. Alipompigia baba yake simu, mzee alimwambia asijisumbue tena kuja. Alikuwa mtu aliyeendesha treni umri wake wote, na hakuwahi kumsamehe mtu aliyechelewa. Kisha treni yake nayo ikaondolewa. Bi Verna aliijua habari hiyo kwa kaka yake, akataka kumpigia, akaogopa. Kutoka Tanzania akaja Maskati badala ya kurudi kwao. "Kila mwaka nasema mwaka ujao," akasema.

Hapa ndipo niliposema maneno ambayo alinikumbusha kila alipopiga simu, hata uzeeni. Kwangu mimi mambo yalikuwa bado ni yale yale: mzee amekaa mahali peke yake, na hakuna aliyemwendea.

"Si uende," nikasema, "umwambie a-ateremke?"

Baba akanivuta kidogo begani, kwa adabu ya mbele ya watu. Bi Verna alivua miwani. Aliifuta kwa upindo wa gauni, muda mrefu kuliko inavyohitaji miwani kufutwa.

Alimaliza mwaka wa skuli, kwa sababu hakuwa mtu wa kuwaacha wanafunzi katikati ya hesabu. Kisha masanduku ya vitabu yakateremshwa. Cherehani aliiacha kwetu, na Bibi akaishonea mapazia mpaka macho yalipomchoka. Kwenye uwanja wa ndege wa Seeb wale wawili walikumbatiana, mmoja mrefu, mmoja kibonge. Mimi aliniinamia, akasema, "Utakwama tena, Raya. Mara nyingi. Kukwama si kufika mwisho." Hiyo ndiyo kauli niliyompa binti yangu jioni ile jikoni, nilipokubali hatimaye kumweleza Bi Verna alikuwa nani.

Mzee alimpokea. Sikuelezwa walisemezana nini mlangoni. Alituambia tu kwa simu kwamba alimkuta amepungua mwili, na kwamba mzee ndiye aliyemtengenezea chai kabla ya kumuuliza lolote. Bi Verna akaishi na baba yake katika miaka ya mwisho ya mzee, akifundisha watoto wa kijiji hesabu katika jengo la stesheni lisilotumika. Nami hadi leo ninakwama. Nimeolewa, nimezaa, ninaongoza vikao, na bado kuna asubuhi ambapo jina langu mwenyewe linanigomea mbele ya wageni. Nangoja. Linakuja.

Baba yangu naye hakukaa tena jangwani kwa muda mrefu. Alipata kazi bandarini Mutrah, ndogo kuliko ile, na alikuwa nyumbani kila magharibi. Mojawapo ya jioni zile za mwanzo alinichukua kwa miguu hadi kwa muuza mishkaki, pale kona ya barabara ya Darsait, mbele ya duka la betri. Moshi ulikuwa mwingi na foleni ndefu. Tulipofika mbele, yule muuzaji alimtazama Baba na kuuliza kwa Kiarabu tunataka nini. Baba alitia mikono mifukoni, akanitazama mimi.

Nikafungua mdomo. Neno likakataa. Nyuma yetu mtu akaguna, mwingine akajikohoza, mafuta yakaanguka kwenye makaa na kuwaka. Baba alikuwa akinitazama tu, uso wake umetulia kabisa, kama mtu asiye na pahala pengine pa kwenda, na hakuniongezea hata herufi moja mpaka niliposema nnachotaka.